Fundi anataka tuvue lipu mawe ya nyumba ya bibi yaonekane, nimwambie nini?

Suali: Assalaam alaykum fundi, shikamoo. Naandika kuhusu nyumba yetu ya mirathi, ya bibi yetu mzaa mama, iko Kiponda, Mji Mkongwe wa Unguja, ghorofa mbili, ya mawe. Ukuta wa chini lipu imevimba, ukiigusa inamwagika, nayo ni ya saruji ilipigwa kama miaka kumi nyuma. Fundi tulomwita anasema tuvue lipu yote ndani na nje tuache mawe yaonekane kama mahotelini, mapengo tuzibe kwa saruji halafu juu tupake vanishi. Kaka yangu kafurahi, kwa sababu mlango wa uwani lipu ilipoanguka kakuta jiwe limechongwa mistari kama kamba, anasema ikiwa hilo limechongwa basi nyumba nzima ni mawe ya kuchonga, kwanini tuyafiche. Mie moyo wangu hautaki ila hoja sina.

Jibu: Waalaykum salaam mwanangu, marahaba. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili na hiyo vanishi imenikaa rohoni tangu jana, lakini kaka yako usimlaumu, macho yake yameona kitu cha kweli kabisa, ila hesabu aloifanya baada ya kukiona ndo imempeleka kombo. Jibu nakupa hapa hapa halafu ndo nieleze kwa urefu upate hoja za kumwambia: lipu ya saruji iliyovimba itoke, hiyo sawa, lakini mawe msiyaache wazi na mapengo msizibe kwa saruji, irudi lipu ya chokaa. Na hilo jiwe la mlango wa uwani asiliguse mtu mpaka usome nilichoandika mwisho.

Tuanze na jiwe lenyewe, mana watu wakisema "matumbawe" wanakusudia vitu viwili mbalimbali na humu ndo kaka yako kapotea. Kuna jiwe la nchi kavu, hili la maweni, ambalo ni mwamba wa matumbawe yaliyokufa zamani za zamani bahari iliporudi chini, upande wa mashariki na kusini ya Unguja ndo nchi yenyewe hiyo, ukichimba jembe linalia. Ukilivunja utaona ndani magamba ya chaza, vipande vya matawi ya tumbawe, matundu ya kila namna, hapa gumu kama chuma pale linamomonyoka kama mkate mkavu. Jiwe hili halikubali kuchongwa likawa bapa. Ukilipiga nyundo linapasuka linapotaka lenyewe. Kwa hiyo mwashi analipasua tu likapata uso mmoja wa maana, akalikalisha ukutani uso ukaa nje, na pote palobaki anajaza vijiwe na chokaa.

Na kuna tumbawe la baharini, lile la duara kubwa kama kichwa, linalokatwa likiwa bado bichi, wazee walikuwa wakiteremka bamvua maji yakitoka sana wakalikata na kulipandisha pwani. Hili likiwa na maji ni laini, shoka linaingia, tezo linaingia, unalichonga ubapa, unalitia pembe, unaliandika herufi, halafu ukilianika likakauka linashupaa likakaa miaka mia na miaka mia. Wataalamu wa bahari wanaliita Porites. Ukilitizama karibu, chukua miwani ya kusomea au kamera ya simu uivute, utaona vitundu vidogo vidogo vimepangana sawasawa kama sega la nyuki, kila kimoja kama milimita moja hivi, na ukilibeba utashangaa lilivyo jepesi.

Hilo la pili ndo jiwe la kuchonga la pwani yetu, na lilikuwa ghali kwa kazi yake hata kama bahari haidai pesa. Kwa hiyo walilitia pale tu panapotaka mstari wa kweli, miimo ya mlango, tao, zidaka (vile vishubaka vya ukutani), mihrab, ukingo wa kaburi. Nenda Kizimkazi Dimbani mwanangu kama hujawahi kwenda, ingia msikitini kwa adabu utizame ukuta wa kibla, kuna maandishi ya Kikufi, khati ya Kiarabu ya kale, yamechongwa kwenye tumbawe la namna hiyo na tarehe yake ni mwaka 500 Hijria, yaani 1107 kwa hesabu ya Miladi. Msikiti wenyewe sehemu kubwa ulijengwa upya karne ya 18, ila mawe yale ya mwanzo yakahifadhiwa yakarudishwa mahala pake. Fikiria mtu alokaa akaichonga ile herufi na ncha zake zinazopanda kama majani, miaka mia tisa iliyopita, kwa kifaa cha mkono, na mpaka leo ukipitisha kidole hewani mbele yake (hewani nimesema, usiguse) unaufuata mkono wake. Mie mzaliwa wa Pemba, na kwetu magofu ya Ras Mkumbuu ndo yalonitia kwenye kazi hii. Nilikuwa mtoto, tumekwenda na ngarawa, wenzangu wanatafuta kivuli wale madafu, mie nikaganda kwenye jiwe moja la pembeni nikitizama alama za tezo, mistari mifupi mifupi ya mshazari, mmoja mmoja, kama mtu kaondoka jana akenda kusali akasema ntarudi.

Sasa nyumba yenu ya Kiponda ni kitu chengine. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe tunazoziona leo ni za karne ya 19, mji umekuwa kwa mbio baada ya Sultani wa Omani, Seyyid Said, kuhamishia makao yake hapa, watu wanajenga ghorofa juu ya ghorofa, nani atakuchongea nyumba nzima kwa tumbawe la bahari? Zilijengwa kwa jiwe la maweni na chokaa, na mapambo yakapelekwa kwenye mbao na kwenye chokaa yenyewe. Ule mlango wa kuchonga unaosifiwa na kila mtu ni mbao. Mashada na ukingo wa madirisha ni chokaa iliyofinyangwa na mwiko. Mpeleke kaka yako Maruhubi, hata kesho, ni safari fupi tu ya daladala. Kasri lile alilijenga Seyyid Barghash 1882 likaungua 1899, na zimebaki zile nguzo nene za duara zilobeba ghorofa. Kwa mbali unasema hizi nguzo zimechongwa kwa jiwe moja moja, wallahi. Sogea karibu pale lipu ilipoanguka utizame ndani: vijiwe, vipande, kifusi kilichopangwa kwa chokaa tele, na uduara wote ule ni kazi ya lipu. Lipu ndo ilokuwa uso. Alojenga hakuwa na nia hata siku moja wewe uone mawe yale, kama vile fundi cherehani hataki uone upande wa ndani wa kanzu.

Hii habari ya uso nataka uielewe vizuri mana ndo hoja yako kubwa. Ukuta wa mawe ya kuchonga kwelikweli, ule wa nchi za wenzetu kama Misri au Uingereza, kila jiwe limetiwa ubapa pande zote, linakaa juu ya mwenzake kwa kiungo chembamba mno, mzigo unapita jiwe kwa jiwe, mvua ikipiga inateleza, ukuta huo unaweza kukaa bila lipu na ndo uzuri wake. Ukuta wenu una unene wa sentimita 50 mpaka 60, pengine zaidi chini, na ukiukata kati utakuta ngozi mbili za mawe makubwa, nje na ndani, na katikati kumejazwa vipande na chokaa iliyochanganywa na mchanga na udongo mwekundu. Chokaa humo sio gundi tu, ndo inobeba. Mawe hayagusani vizuri, yanaelea ndani ya chokaa kama njugu kwenye kashata. Ukiuvua lipu, mvua ya masika inayopiga na upepo inaingia kwenye viungo, inayeyusha chokaa na kuusomba ule udongo kidogo kidogo, hutoona kitu mwaka wa kwanza wala wa pili, unaona vumbi jekundu kwenye sakafu unafagia ukadhani ni la njiani.

Na boriti je? Vyumba vya nyumba zenu ni vyembamba, mita tatu hivi au pungufu, kwa sababu boriti za mikoko haziendi zaidi ya hapo. Vichwa vya hizo boriti vimezikwa ukutani. Ukuta ukishiba maji, kichwa kinaoza kikiwa ndani kusikoonekana, boriti kwa nje nzima, imara, hata mchwa hana, kumbe imeshikilia sentimita mbili tu. Juu ya boriti kuna mawe na tabaka nene la zege ya chokaa, uzito ule wewe unaujua? Sisemi kukutisha, lakini sote tunakumbuka tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al Ajaib, lile kasri la masultani hapa Mji Mkongwe, ilivyoporomoka na watu wawili wakafa wakiwa kazini. Nyumba ya mawe ikianza kuongea inaongea kwa sauti ndogo, na kelele unaisikia siku ya mwisho.

Turudi kwenye saruji, mana najua fundi wenu atasema saruji ni ngumu zaidi kwa hiyo ni bora zaidi, na hilo ndo linalowaponza watu. Saruji sina ugomvi nayo. Kanisa la Mkunazini lilojengwa miaka ya 1870, paa lake ni tao la vipande vya matumbawe na saruji ya Portland, na liko juu mpaka leo. Taabu ni kuichanganya na ukuta unaotaka kupumua. Ardhi ya Mji Mkongwe ina maji na maji yenyewe yana chumvi, tuko kwenye rasi, bahari pande tatu, na huo upande wenu wa Darajani zamani palikuwa na mkono wa bahari ulotenganisha mji na Ng'ambo kabla haujafukiwa. Maji yanapanda ukutani toka chini kama mafuta kwenye utambi. Zamani yalikuwa yanapanda kidogo yanatokea kwenye lipu ya chokaa yanakauka, chumvi inaganda juu juu, lipu inakula chumvi miaka kumi na tano, ishirini, inachoka, inavuliwa, inapigwa nyengine. Lipu inakufa ili jiwe liishi, hivyo ndo alivyonifunza marehemu mwalimu wangu nami sijapata maneno mengine. Ukipiga saruji, maji yanakosa mlango. Yanazidi kupanda juu, ndo utaona unyevu ulokuwa kwenye magoti sasa uko kifuani, na chumvi inaganda nyuma ya saruji, ndani ya jiwe, na chumvi ikiganda inatanuka, inasukuma. Ndo huko kuvimba kwa ukuta wenu. Ile lipu inayomwagika ukiitizama nyuma yake utakuta imetoka na unga mweupe na ngozi ya jiwe, ifanye hiyo leo, chukua kipande ukigeuze.

Na hii ya kuacha mawe wazi na kuziba viungo kwa saruji mie nimeifanya kwa mikono yangu, kwa hiyo sisemi ya kuambiwa. Nilikuwa kijana, kuna mkandarasi mmoja alipata kazi ya nyumba inageuzwa hoteli, tukaambiwa vua lipu, safisha kwa brashi ya waya, ziba saruji, paka vanishi. Siku ya kukabidhi ilipendeza mno, taa zimepigwa ukutani chini kwenda juu, kila mtu anapiga picha. Nikapita tena baada ya masika mbili. Saruji imesimama vilevile, kali, na mawe katikati yake yameingia ndani kama vikombe, ukipuliza yanatoa unga, ukuta mzima umekuwa kama wavu wa saruji na mashimo. Ile vanishi imebabuka vipande kama ngozi ya mtu aloungua na jua. Nilisimama pale nikaona aibu, kwa sababu jiwe lile lilikaa miaka mia na zaidi likiwa limefunikwa na mie ndo nilolivua nguo. Tangu siku hiyo sijakubali kazi ya namna ile, hata ikiwa na pesa nzuri.

Haya, sasa mfanye nini. Kitu cha mwanzo sio mwiko, ni maji. Tafuteni maji yanatoka wapi na mjue kwamba nusu yake pengine hayatoki ardhini. Angalieni bati la juu, mifereji, tangi lilowekwa juu ya dari, paipu zilozikwa ukutani, eisi ya jirani inayotona mwaka mzima pahala pamoja, karo la maji machafu. Angalieni njia ya nje, mana mara nyingi njia imepandishwa kwa zege na baraza imesakafiwa saruji, maji ya mvua yaliyokuwa yakizama chini sasa yanakimbilia ukutani kwenu. Ukiyaziba haya, ukuta utaanza kukauka wenyewe, nao unakauka polepole, hesabu miezi, usiukimbize.

Halafu nendeni Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, ipo tangu 1985, mkachukue kibali kabla ya kugusa, hata kwa lipu. Watu wanaona usumbufu lakini mji huu uko kwenye Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000 na pia nyumba yenu imeshikana ukuta na ya jirani, mkikosea nyie anaumia na yeye.

Lipu ya saruji itolewe kwa nyundo ndogo na patasi, pole pole, kuanzia pale ilipojiachia yenyewe. Ugonge kwa kifundo cha kidole usikilize, panapolia wazi kama dafu tupu pamejiachia, panapolia zito pameshika. Pakishika sana na kung'oa kutatoka na jiwe, paacheni kwa sasa. Asije mtu na drili ya kubomolea, wala grainda, mtikisiko wake unaingia mpaka kwenye boriti. Na mkikuta chini ya saruji kuna lipu ya zamani ya chokaa bado nzima msiitoe! Utaijua kwa rangi, ina uwekundu au kijivu laini, ina vidonge vyeupe vya chokaa na mara nyengine vipande vidogo vyeusi vya mkaa wa tanuri, na ukucha unaikwaruza. Irushie maji kwa mkono, chokaa inayanywa papo hapo, saruji yanateremka.

Hivyo vidonge na mkaa nikisimama navyo kidogo utaniwia radhi, kwa sababu ndo sahihi ya kazi yote. Chokaa ya wazee ilichomwa kwa magogo yaliyopangwa duara, juu yake vipande vya matumbawe, moto ukawaka usiku kucha. Jiwe likifika nyuzi 900 hivi linatoa hewa yake ya ukaa, linabaki jepesi jeupe lenye njaa ya maji, ukilitia maji linachemka lenyewe bila moto likageuka uji. Ukiupiga uji huo ukutani unavuta tena ile hewa ya ukaa kidogo kidogo, siku kwa siku, mpaka unarudi kuwa jiwe lile lile. Yaani ukuta wenu ni tumbawe lililoshikwa na tumbawe, ndani ya ukuta hakuna mgeni. Ndo mana vinapanuka pamoja, vinalowa pamoja, vinakauka pamoja.

Kwa hiyo chokaa yenu iwe imezimwa na kulazwa chini ya maji, kwenye shimo au mapipa, miezi mitatu isipungue, ikilala zaidi ndo vizuri, inakuwa laini kama samli. Anaezima avae miwani na aweke chokaa kwenye maji kidogo kidogo, asimwage maji juu ya chokaa, mana inaruka na jicho halina spea. Mchanga usiwe wa pwani, una chumvi na chumvi ndo mnayoikimbia, uwe wa shamba, uoshwe, uwe na punje kubwa na ndogo. Mie natia kipimo kimoja cha chokaa kwa vitatu vya mchanga, na pahala penye lipu ya zamani yenye udongo mwekundu natia na huo kidogo ili ifanane. Ukuta uoshwe vumbi, uloweshwe tangu jana yake. Mashimo makubwa yajazwe vijiwe vya matumbawe vikisukumwa ndani ya chokaa, ukijaza chokaa tupu itapasuka. Kisha tabaka jembamba, sentimita moja isizidi, ukalikwaruza, ukasubiri, la pili, ukasubiri, la mwisho laini. Yafunikwe magunia mabichi yasipigwe na jua, na kila asubuhi mtu anyunyize maji. Hapa ndo mafundi wengi wanapokimbia, saruji unaipiga leo kesho unapaka rangi, chokaa inataka wiki na wiki. Muulize huyo fundi wenu kama ana subira hiyo, akicheka tafuteni mwengine. Na msianze ikikaribia masika.

Juu ya lipu ni chokaa ya kupaka, nyepesi kama maziwa, mara tano sita, kila moja ikikauka. Rangi ya mafuta na hizi za plastiki hapana, zinafunga ukuta kama saruji tu.

Gharama? Kwa mikono chokaa inakula siku nyingi zaidi, hilo sikufichi. Kama hamna pesa za nyumba nzima fanyeni ukuta wa chini tu mwaka huu, tena upande wa ndani penye unyevu zaidi, na juu kama lipu ya zamani imeshika iacheni ilivyo.

Sasa jiwe la kaka yako. Mistari ya mshazari kama kamba au mfupa wa samaki ni mchongo unaojulikana kwenye kazi za kale za pwani yetu, kwenye ukingo wa milango na mihrab, kwa hiyo akae vizuri huyo kaka yako, pengine ameona kitu kikubwa kuliko anavyodhani. Lakini inaweza ikawa pia ni chokaa iliyofinyangwa ikiwa mbichi, na mara nyengine ni kazi nzuri vile vile. Tizameni pale pembeni palipovunjika, msivunje upya. Mkiona vile vitundu vidogo vilopangana kama sega, ni tumbawe la bahari lililochongwa. Mkiona punje za mchanga zimeshikana, ni chokaa. Likiwa tumbawe angalieni na jirani zake: mwimo wa pili upo? Michongo inaendelea kutoka jiwe moja hadi jengine, au inakatika ghafla? Ikikatika, au jiwe limewekwa kichwa chini, basi limetoka kwenye jengo jengine la zamani zaidi likatumiwa tena hapo, na bibi yenu alikuwa akipita mbele yake kila siku na ndoo ya maji bila kulijua.

Lipigeni picha asubuhi jua likija kwa ubavu ili mistari itoe kivuli, wekeni rula pembeni, pimeni urefu wake toka sakafuni. Safisheni kwa brashi laini ya kupakia rangi, kavu, bila maji bila sabuni, na brashi ya waya isiingie chumba hicho kabisa. Hata likiwa limelika upande msitafute jipya la kubadilisha, kwa sababu la kukatwa baharini sikushauri, tumbawe hai ni nyumba ya samaki na linachukua umri wa mtu kufika ukubwa huo, na la kuchukuliwa kwenye magofu ni wizi wa kaburi. Palipolika pajazwe chokaa laini mpaka usawa, bila kuigiza mchongo. Ila kabla ya kujaza mwiteni mtu wa Mamlaka aje alione likiwa mahala pake, na mpaka siku hiyo wekeni kigunia kikavu mbele yake, fundi wenu mwambieni kazi ianzie ukuta wa pili.